Siku Niliyomficha Mama Jikoni

Nakumbuka siku moja nilimficha mama yangu jikoni ili nipate mume. Ndiyo, mwanangu, umesoma sawasawa. Hapa kijijini Suji, milimani, wananijua kwa ukali wangu, lakini hili hawalijui, nami nimechoka kulificha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Same yalianza kujaa sabuni na kanga baada ya dhiki ndefu, nasi tukawa tunakula kwa macho tu. Mimi niliuza mitumba gulioni, nikajiona nimejanjaruka. Wiki ambayo washenga wangepanda kutoka Bombo kuja kuniposa, mama akatokwa na malengelenge upande mmoja, begani, shingoni, hadi shavuni. Mkanda wa jeshi. Siku zile mtu akiwa na mkanda wa jeshi, watu hawakuuliza zaidi. Walishamhukumu kuwa ana Ukimwi, ugonjwa ambao tuliogopa hata kuutaja. Na mama alikuwa mjane. Unafikiri wangesema nini?

Mama aliniomba nimpeleke hospitali. Nikamwambia asubiri posa ipite. Washenga walipofika nikamfungia jikoni, amejitanda kanga hadi machoni, nikawaambia wageni ameteremka Kihurio kumuuguza dada yake. Baba mdogo, aliyesimama badala ya marehemu baba, alijua, akanifichia. Makande waliyoyasifu aliyapika mama huku maumivu yakimchoma. Nilimsikia akiguna nyuma ya ukuta, nikazidi kucheka kwa sauti ili wao wasimsikie. Posa ikapokelewa.

Hospitali tulifika siku ya tisa tangu malengelenge yatoke, na daktari akatugombeza kwa kuchelewa. Walimpima, Ukimwi hakuwa nao. Vidonda vilipona, maumivu yakakaa miaka. Mume nilimpata, tena mtu mwema. Nilipomweleza, alisema kama angejua siku ile, angembeba mama mgongoni hadi barabarani apate gari la hospitali. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Miaka ikapita, wanangu wakakua, mama akaanza kusahau, nikarudi kukaa naye hapa Suji. Yeye ndiye aliyejua kichwani zamu za maji za ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, nyumba moja baada ya nyingine. Sasa akawa anafungulia maji siku ya mwenzake. Majirani wakanong'ona habari za uchawi, na mimi, badala ya kumtetea, nikamkaripia mbele yao. Mwisho akasahau hata jina langu. Lakini akisikia mtu anabisha hodi, alijifunika kanga usoni, akakimbilia jikoni, akaninong'oneza: "Usiwaambie kama nipo."

Mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo nilikaa chini nikalia.

Alipofariki, nilimwendea daktari mmoja pale Same, binti mpole, nikamuuliza kama ni ule mkanda uliomharibu akili. Aliniambia virusi vya mkanda wa jeshi ndivyo vile vya tetekuwanga. Hubaki vimelala kwenye mishipa ya fahamu, huamka mwili ukidhoofika. Wataalamu wanachunguza kama virusi vya namna hiyo vinachangia wazee kupoteza kumbukumbu. Dalili za hilo zipo, ila hakuna anayeweza kuapa, na wengi wanaougua mkanda hubaki na akili zao timamu. Akanishika mkono.

"Bibi, siwezi kukwambia wewe ndiye uliyesababisha. Wala siwezi kukwambia kwamba kuchelewa hakukumdhuru."

Naamka na maneno hayo kila asubuhi, mwanangu, na sitaki wewe uamke nayo. Mzazi wako akitokwa na malengelenge, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, maana dawa husaidia zaidi ikiwahi. Watu wakisema, waache waseme. Akianza kusahau, usimgombeze na usikubali aitwe mchawi. Kamwone daktari, umuulize hata kama swali lenyewe linakutia hofu. Na wageni wakija, wawe nani, mkalishe mama yako nao mezani.

Mungu akupe wazazi watakaozeeka wakilijua jina lako. Na wakilisahau, akupe moyo wa kuwatunza hivi kwamba wasisahau kuwa nyumba ile ni yao.