Akidi Ilitimia Wodini

Mwaka niliolazwa Njombe kwa nimonia, kamati nzima ya mavuno ya usharika wetu ilipanda gari kutoka Makambako kuja kuniona. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilikuwa mhazini wa kamati hiyo, katibu wa umoja wa wanawake, mwimbaji wa kwaya kuu, na mjumbe wa ujenzi wa nyumba ya mchungaji. Ungetaja kikao chochote pale kanisani, nilikuwa na kiti changu. Dukani kwangu, ninakouza mbolea na mbegu, wateja walishazoea kukuta kufuli.

Wakasimama kuzunguka kitanda, wanawake wamejifunga vitenge juu ya masweta. Mwenyekiti akavua kofia, akaomba. Alimwomba Mungu awe mwenyekiti wa shughuli ile kuanzia mwanzo hadi mwisho, awape wajumbe hekima na usikivu, awalinde walio njiani na ambao hawakuweza kufika. Mimi niliyekuwa nakohoa mbele yake hakunitaja. Sidhani alikusudia vibaya. Kwetu sala ya kufungua kikao imekaa mdomoni kiasi kwamba mtu akifumba macho tu inatoka yenyewe.

Tulipoitikia amina, akatutazama mmoja mmoja, akasema kwa kuwa akidi imetimia na mhazini yupo, ingefaa tumalizie ile ajenda ya mnada. Nilidhani anatania. Katibu, mama mmoja mpole tuliyeimba naye kwaya, akatoa kalamu kwenye mkoba. Wakajadili kama kuku wa sadaka wauzwe kabla ya mahindi au baada yake, na nani awe dalali, huku mgonjwa wa kitanda cha jirani akinyoosha shingo kutusikiliza. Muuguzi alipokuja kuwatoa, waliomba wapewe nafasi kidogo wafunge kwa sala.

Walipoondoka nililia, tena kwa hasira. Nilikuwa naogopa kufa, na nilitaka mtu mmoja tu amwambie Mungu kwamba naogopa. Ikabidi nimwambie mwenyewe, na maneno yakakataa kuja, maana hata mimi nilikuwa hodari wa kufungua na kufunga vikao tu. Siku zilizobaki, kila asubuhi, nikajifunza upya kuomba. Nilisema sentensi moja, nikanyamaza, nikasema nyingine. Taratibu hofu ikapungua, nikaanza kuisubiri saa ile kwa hamu. Nikaapa kwamba nikitoka pale mzima, hakuna atakayeninyang'anya saa hiyo.

Nilipopona nikatenga saa yangu: saa moja hadi saa mbili asubuhi, ndani ya duka, mlango umefungwa, simu imezimwa. Hiyo ndiyo saa wakulima wanapokuja na pikipiki kuchukua mbolea kabla ya kwenda shamba, na ndiyo saa ambayo watu wote wa kanisani hukumbuka kunipigia. Niliichagua kwa makusudi. Nilishachoka kumpa Mungu makombo ya siku, yale ya jioni nikiwa nasinzia. Nikawa napiga magoti nyuma ya magunia, koti mwilini, upepo wa Makambako ukitikisa mabati.

Maneno hayakukawia. Wateja walisema nimekuwa mlokole. Mume wangu alinitania kwamba siku hizi ana mke wa kuanzia saa mbili. Nikamwambia ashukuru, maana huko nyuma hakuwa na mke kabisa, alikuwa na mhazini.

Mwenyekiti yeye hakutania. Msimu ulipokaribia alipanga vikao vya mavuno saa moja na nusu asubuhi. Nikaomba visogezwe jioni, akasema kamati haiwezi kumfuata mtu mmoja. Sikwenda cha kwanza, wala kilichofuata. Ndipo akaja mwenyewe. Nilipofungua duka nilimkuta amesimama nje kwenye upepo, uso ameukunja. Nilimkaribisha kiti na chai, akavikataa vyote.

"Mhazini," alisema, "kazi ya Mungu inalala kwa sababu yako."

"Mzee, hiyo kazi mlikuja nayo mpaka wodini. Mimi nilikuwa naumwa."

Akatazama chini, na kwa kitambo nilidhani amenielewa. Kisha akasema basi nichague, kamati au hiyo saa yangu. Sikuomba muda wa kufikiri. Muhuri wa kamati ulikuwa kwenye droo, nikautoa, nikamkabidhi kwa mikono miwili kama inavyompasa mtu mzima.

Jumapili ikatangazwa kwamba nimepumzishwa kwa kukosa muda. Niliumia. Kanisa lile nimebatizwa humo na nimeolewa humo, halafu watu wanageuka kunitazama kana kwamba nimefumaniwa. Majuma yakapita bila mtu kuniita popote. Nilivitamani vile viti, kwa sababu vilinipa heshima na nilikuwa naipenda. Lakini kila asubuhi nilishusha mlango palepale, wakati mwingine nikiwa na mengi ya kumlalamikia Mungu kuhusu watu wake.

Asubuhi moja ya ukungu, kabla sijaufunga mlango, akaingia katibu wa kamati, yule mwenye kalamu. "Kamwene," alinisalimu, nikaitikia kamwene bila kumtazama sana, nikamuuliza leo ni kikao gani tena. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwa sauti ndogo kwamba majibu ya vipimo vyake yametoka, na si mazuri. Hajamwambia mtu kanisani, kwa sababu anajua wataijaza sebule yake kwa kikao.

"Nataka kuomba," alisema, "na sijui nianzie wapi."

Nikashusha mlango, nikamvuta nyuma ya magunia. Nikamwambia hata mimi sikujua, apige magoti tu. Kwanza alilia, nami nikamshika mkono. Nje pikipiki zilianza kunguruma na wateja wakaanza kugonga. Kati yao nikaitambua sauti ya mwenyekiti, akiuliza kwa ukali kama duka hili lina mwenyewe. Mama yule akaniangalia, macho yamemjaa hofu. Nikamwambia aendelee kusema, mlango huo ni wangu na haufunguliwi.