Fundi na Inchi Mbili za Shingo

Kwa miaka arobaini na mitatu fundi cherehani alipima watu, na hakuna kola yake iliyowahi kumkaba mtu. Enzi hizo mteja alisimama wima, akapimwa kama mtu mwenye heshima zake. Leo ananunua shati lililokunjwa ndani ya plastiki, kisha analaumu shingo yake.

Saratani ya damu, ile inayotambaa polepole, fundi aliigundua kwa kola iliyoanza kumkaba mwenyewe. Shingo yake ilivimba vifundo hadi futi yake ya kupimia ikasoma inchi kumi na saba na nusu. Daktari akampa vidonge.

"Hivi havipigi mwili mzima kama dawa za zamani, mzee. Vinazima ishara moja tu inayozifanya seli mbovu ziendelee kuishi. Meza kila siku. Usiache mpaka nikwambie."

Mwezi wa tatu futi ilisoma kumi na tano na nusu. Mkewe akacheka. "Shingo imerudi ya bwana harusi, baba watoto. Usije ukaniposea mwenzangu."

Kipimo ni kipimo, fundi akawaza. Nguo ikishamkaa mtu, nani anaendelea kuipunguza? Vidonge vilimharisha na kumwachia michubuko mikononi. Basi kila mkewe alipomletea kidonge na maji, alikibana shavuni, akaenda kukitema kwenye kopo la vifungo. Mama wa watu alipanda magari mawili kuvifuata vidonge hivyo hospitali.

Vifundo vikarudi. Daktari akasoma majibu ya damu, akatikisa kichwa.

"Dawa imeshindwa. Inabidi tuiache, na iliyobaki ni kali zaidi. Sijui kama mwili wake utaihimili."

Mkewe ndiye aliyesema, macho chini:

"Labda ni mimi, daktari. Kuna siku mbili nilichelewa kumpa. Nilipitiwa na usingizi."

Maneno hayo yalimchoma fundi kuliko sindano.

"Si dawa, wala si yeye," akasema. "Nimekuwa nikivitema. Siku hamsini na moja."

Daktari aliweka kalamu chini. "Ungenyamaza, ningekunyima dawa inayokufaa. Tunaanza upya. Siwezi kukuahidi kwamba itashika tena."

Kesho yake asubuhi mkewe alileta kidonge na maji kama kawaida, ila safari hii hakuondoka.

"Fungua mdomo."

Fundi alifungua.

"Inua ulimi."

Akainua, mzee wa miaka sabini, machozi yakimtoka.