Mafuta ya Mkia Ndani ya Habu

Mimi sijui kungoja. Hata leo chai ikichelewa kidogo nasimama, natembea, narudi, nauliza kama gesi imeisha. Mama yangu, ambaye kwa Kisomali tulimwita hooyo, alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu. Sasa nifikirie mimi huyo, Garissa, miaka ile ya tisini na kitu, nimeketi uani juu ya gunia, nafungua habu ya baiskeli, kile kitovu cha gurudumu ambacho sijawahi kuona ndani yake, na nina alasiri moja tu ya kuimaliza.

Baiskeli yenyewe niliinunua kwa mzungu aliyemaliza kazi yake katika kambi za wakimbizi kule Dadaab. Haikuwa kama zile nyeusi nzito za mji mzima. Gia zake tatu zilifichwa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, na kwa nje huoni kitu ila mnyororo mwembamba ukichungulia kwenye ekseli. Ukitia gia ya kwanza, unapita mchanga wetu ukiwa na mtu kwenye keria na wala hushuki kusukuma. Na mimi nilikuwa na mtu wa kumpakia kila siku.

Hooyo alikuwa na kifua kikuu. Sisi tunakiita qaaxo, na neno hilo kwetu lilisemwa kwa mdomo uliofunikwa na shuka. Nyumba ikijulikana ina qaaxo, hakuna aletaye posa. Na mdogo wangu wa kike alikuwa ameshaposwa, fatiha imesomwa, nikahi imebaki kama mwezi na nusu. Hospitalini walitaka hooyo ahamie kwenye vibanda vya wagonjwa wa kifua, palepale nje ambapo kila mpita njia anaona nani ameketi mlangoni. Alikataa katakata. Muuguzi akamwambia basi, aje kila asubuhi kabla ya saa tatu achomwe sindano, miezi miwili mfululizo, na akikosa hata siku moja asije kumlilia yeye.

Kwa hiyo tukatunga uongo. Tuliwaambia majirani kwamba kuna jamaa yetu amejifungua upande ule wa hospitali, hana mtu, na hooyo anakwenda kumkanda mpaka atimize arobaini. Uongo mzuri, mtu hawezi kumlaumu mama kwa kumhudumia mzazi. Shida ni kwamba watu wetu wanapenda watoto. Wiki ya pili jirani akauliza mtoto anaitwa nani. Wiki ya tatu akaniletea nguo za kitoto nimpelekee, nikazificha chini ya godoro langu. Hooyo, mwanamke ambaye hakuwahi kudanganya hata juu ya umri wake, alijibu maswali hayo akitazama chini, na usiku nilimsikia akiomba msamaha kwenye sala zake. Mimi nilihesabu siku za sindano, nikahesabu na siku za arobaini, nikaona uongo utatuishia kabla ya dawa. Nilikosa usingizi, nilikosa hamu ya kula, nilikuwa mkali kwa kila mtu.

Halafu, tukiwa tunarudi siku ya Alhamisi, gia zikaanza kuteleza. Unakanyaga, inashika, inaachia, inashika. Hooyo nyuma akasema polepole, mwanangu, hiki chombo kina kwikwi. Sikucheka.

Ungesema, si umpelekee fundi? Fundi wa baiskeli tuliyekuwa naye alikaa barazani pa duka la ami yake bwana harusi. Ningemwambia naitaka kesho alfajiri, angeuliza haraka ya nini, na ami angeacha kupima sukari asikilize. Mkokoteni wa punda je? Watu wa mikokoteni ndio redio ya Garissa. Nikasema nitaifungua mwenyewe. Mdogo wangu akaja kunishikia gurudumu, akashauri kwa upole kwamba angalau tuulize mtu ndani mnatiwa mafuta gani. Nikamfokea. Nikamwambia mafuta ni mafuta.

Ilifunguka kwa shida. Nililegeza koni, zile nati zinazobana gololi, gololi zikamwagika kwenye mchanga, tukaziokota moja moja. Ndani mlikuwa na kitu kizuri, wallahi, mpaka nikasahau hasira: gia ndogo zikizunguka moja ya katikati, na pembeni vijino viduchu vilivyosukumwa nje na springi nyembamba kama unywele. Vijino hivyo ndivyo vinavyoshika gurudumu unapokanyaga. Vilikuwa vimekauka, vimejaa vumbi jekundu. Nikavifuta kwa kitambaa kimoja kimoja, mdogo wangu akivipanga juu ya sinia kama tulivyovitoa, maana mimi ningevichanganya.

Sasa mafuta. Nyumbani kwetu jibu la kila kitu lilikuwa mafuta ya mkia wa kondoo. Kifua kikibana, unakunywa. Kisigino kikipasuka, unapaka. Kamba ya ngozi ikikakamaa, unailainisha nayo. Hooyo alikuwa na kopo lake kando ya kitanda, na alipotuona tumekwama akalileta mwenyewe, akishika ukuta, akasema kama yanafungua kifua chake hayatashindwa na chuma. Jua lilikuwa kali na mafuta yalikuwa maji matupu. Nikamimina. Nikajaza mpaka yakachuruzika kwenye ekseli, nikaona hata hayo hayatoshi, nikaongeza.

Nikaunga kila kitu, nikaipanda, nikazunguka uani mara tatu. Ilikwenda kama iliyotoka dukani. Ile sauti yake ya tiki tiki tiki ilikuwa imefifia, na mdogo wangu akauliza mbona imenyamaza. Nikamwambia kitu kikipona hakilalamiki. Nilijiona fundi, bwana. Nilikula vizuri siku ile kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Kesho yake tuliondoka mapema. Ilikuwa miezi ile ya upepo ambapo hata Garissa mtu hujifunika shuka asubuhi. Kutoka kwetu hadi barabarani pana mteremko, kwa hiyo tuliteleza tu, sikukanyaga. Tulipofika bombani, ambapo mchanga huanza, nikakanyaga na pedeli zikazunguka bure. Nikabadilisha gia, bure. Nikarudi nyuma, nikakanyaga mbele, zinazunguka tu, miguu yangu inakimbia na baiskeli imesimama. Hooyo akashuka akashika ubavu.

Mafuta yalikuwa yameganda. Sasa najua. Usiku yamekuwa mazito yakavinasa vile vijino, na springi zile nyembamba zikashindwa kuvisukuma. Lakini pale sikujua lolote. Nilijua tu kwamba saa tatu inakuja, kwamba hooyo hawezi kutembea hatua hamsini bila kukaa, na kwamba bombani wamejipanga wanawake zaidi ya kumi na madumu yao, na mmoja wao anapakana ukuta kwa ukuta na jamaa za bwana harusi. Nikalipiga gurudumu teke. Nikapiga magoti nikavuta mnyororo mdogo, nikaukaza, nikaulegeza, jasho linanitoka na baridi ile. Wanawake wakaanza kutusalimia na kuuliza hali ya mzazi.

Hapo akasimama mwuza maji na mkokoteni wake, mtu mzima aliyekimbia vita Somalia, ambaye kila siku alipita mlangoni kwetu. Akamwita hooyo eeddo, yaani shangazi, akamwambia apande, atampeleka kwa yule mzazi, ni njia yake. Nikajibu haraka kwamba hapana, tunarudi nyumbani, mzazi leo amepumzika. Nilikuwa tayari kuikosa sindano. Naliandika hili kwa aibu: kwa dakika ile nilikuwa tayari.

Hooyo akaniwekea mkono begani, si kwa kuegemea.

"Hakuna mzazi," akamwambia yule mtu, kwa sauti yake ya kawaida. "Hakuna mtoto. Nina qaaxo, na nakwenda hospitali kuchomwa sindano. Kama hutaki nipande, niambie."

Dumu lilikuwa limejaa bombani, maji yanamwagika chini, na hakuna aliyelisogeza. Yule mtu akashusha madumu mawili ya mbele, akatandika gunia, akamshika mkono akampandisha. Hooyo alipokaa sawasawa akanigeukia.

"Nimechoka kulea mtoto asiyekuwepo," akasema.

Nilitembea nyuma ya mkokoteni nikisukuma baiskeli, sijui nimuangalie nani. Tulifika kabla ya saa tatu. Akachomwa. Tulirudi kwa mkokoteni uleule jua likiwa utosini, na mimi kwa kukosa la kufanya nikajaribu kupanda baiskeli, na pedeli zikashika vizuri kabisa. Nilitamani kuitupa mtoni.

Siku ileile nikaifungua tena, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikamwendea fundi cherehani akanipa mafuta yake mepesi, matone matatu manne tu, tiki tiki ikarudi. Nilimwuliza waziwazi, akanijibu waziwazi, haikumgharimu hata pumzi. Hooyo hakupanda baiskeli tena. Alikwenda kwa mkokoteni siku zote zilizobaki, akamaliza dawa zake, akapona, na akaishi miaka mingi ya kunisema.

Lakini Ijumaa ile, baada ya alasiri, walikuja wanawake wawili wa upande wa bwana harusi. Waliingia kwa heshima, wakauliza hali, wakaombea wagonjwa wote. Mdogo wangu alikuwa ametengeneza chai ya maziwa na iliki. Hawakuinywa. Mgeni kwetu akiiacha chai mpaka ikapiga utando, tayari amesema alilokuja kusema. Wakasema jambo lile liwekwe kando kwanza, Mungu akipenda. Hooyo akasema Mungu akipenda. Wakaenda zao.

Mimi nilikuwa bado uani, mikono myeusi. Nilitaka kumwambia mdogo wangu ni kosa langu, ni yale mafuta, nilitaka anitukane, anipige na kitu. Alitoka nyuma ya pazia na sinia la vikombe vilivyojaa, akavimwaga kimoja kimoja kwenye mchanga. Macho yake yalikuwa makavu.

"Aboowe," akaniita, yaani kaka. "Hooyo leo aliwahi sindano?"

Nikasema aliwahi.

"Basi," akasema, akachukua ndoo akaanza kuosha vikombe.