Penina Mmoja kwa Kila Chuma

Mke wangu Penina alikuwa mnene, na hakuficha. Alizaliwa Buigiri. Kazi yake ilikuwa kutupikia mafundi kwenye jengo la ofisi, njia ya Msalato, miaka ile vitu vya nje vilipoanza kujaa madukani. Mimi nilikuwa fundi bomba palepale. Meza yake ya chakula ilikaa kwenye korido, chini ya bomba letu kubwa.

Bomba lile lilining'inia kwa vyuma vyembamba vya thredi, kama bolti ndefu, vimeshikwa kwenye zege la dari. Kila bomba la mita sita tuliliwekea chuma kimoja. Kupima kwetu kulikuwa kudandia. Fundi anashika chuma, ananing'inia. Kisipong'oka, kimepita.

Injinia Ambokile, mtu wa Tukuyu, akatukuta tunadandia.

"Hilo bomba ni tupu," akasema. "Likijaa maji je?"

Akaanza kutaja kilo.

"Injinia, kilo hatuzioni," mwenzangu Eliakimu akasema, akimwonyesha Penina kwa kidole. "Tupimie kwa mama Loisi. Yule tunamwona hata tukiwa Mvumi."

Watu wakacheka. Penina akafuta mikono.

"Eliakimu, leo utakula ugali mtupu."

Halafu akaenda mwenyewe kusimama kwenye mzani wa magunia. Kilo tisini na mbili.

Ambokile akapiga hesabu ukutani kwa mkaa. Chuma na kishikizo chake vingeng'oka kwa Penina watano. Kwa hiyo, ili kiwe salama, kisibebeshwe zaidi ya mmoja. Bomba tupu halikufika Penina mmoja. Likijaa maji lilikuwa Penina na zaidi ya theluthi.

"Ongezeni vyuma. Kimoja kila mita nne."

"Hiyo theluthi ya mama Loisi ni wapi?" Eliakimu akauliza.

"Ni mguu," Penina akamjibu. "Sogea uuone."

Tukaongeza vyuma. Siku ya kufungulia maji nikamwambia ahamishe meza.

"Baba Loisi, mmenipima mbele za watu. Kama hesabu ni yangu, nakaa hapahapa."

Akakaa. Maji yakaingia, bomba likalia, vumbi likadondokea kwenye maharage. Nilipanda ngazi nikashika chuma kilichokuwa juu yake, kana kwamba mkono wangu ungezuia kitu. Bomba halikushuka. Penina akatoa vumbi kwa kijiko, akaendelea kupakua. Eliakimu alikula ugali mtupu.

Bomba lipo mpaka leo.

Yeye aliugua mwaka jana, muda mrefu. Mwishoni nilikuwa namwinua peke yangu.

Makaburini walileta kamba mbili za kushushia jeneza. Nikasema ziongezwe mbili.

"Baba, jeneza lenyewe jepesi," mkwe wangu Geofrey akaninong'oneza.

"Ongeza."

Wakaongeza. Kamba zile zingebeba Penina watano. Tuliyemshusha hakufika hata mmoja.