Gari kuukuu la Baba

Jamani, leo gari la Baba limenifumba mdomo!

Aliuza mikarafuu kumi kulinunua kwa afisa Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao. Kubwa, viti vya ngozi, lakini kuukuu, na petroli linabugia.

Nilimwambia wazi, "Baba, hii hasara." Nani kati yenu asingesema hivyo?

Basi asubuhi dada yangu Mwanaisha akashikwa na uchungu hapa kijijini kwetu Ole. Mtoto amekaa vibaya.

Mkunga akasema, "Mpelekeni Wete. Mimi siwezi."

Baba akaliwasha. Likanguruma mara moja tu, likayakata matope yote mpaka hospitali! Wallahi, nilibaki kinywa wazi.

Daktari akasema, "Mmewahi."

Mama na mtoto wazima, alhamdulillahi.

Nikamfuata Baba garini kumwomba radhi. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, analia.