Koleta na Mtihani wa Ukunga

Mwaka wa hamsini na nne, watu wa Ng'ambo, mjini Tabora, walizoea kumkuta Koleta akisema peke yake njiani. Hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa akisomea ukunga kwenye hospitali ya misheni, mtihani ulikuwa mwishoni mwa Novemba, na yeye alikuwa akizikariri dalili za hatari za mama mjamzito kutoka mlangoni kwake hadi kisimani na kurudi. Ukimwamkia alikuitikia, "Kuvimba miguu," kisha akapita.

Alikuwa na sababu. Aliachia shule darasa la sita, akaolewa na Sylvester, fundi wa reli, akazaa Justus na mdogo wake, na hakuna aliyetazamia kwamba angeshika kalamu tena. Katika darasa lao la ukunga yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mume na watoto, naye akaapa hatafeli kwa uvivu. Basi nyumbani akapiga marufuku vicheko. Sylvester, aliyezoea kupiga mluzi akinyoa ndevu, akawa ananyoa kimya kama yuko kanisani. Watoto wakahamishia michezo yao uani kwa jirani. Ugali uliungua mara kwa mara, na mume akaula bila kusema neno, maana alimpenda mkewe, na alimwogopa kidogo pia.

Mambo yakaenda hivyo hadi mvua za kwanza, alipokuja mama yake Sylvester, Bibi Minza, kutoka Nzega. Bibi huyu hakujua kusoma, wala hakuwa na neno juu ya elimu; yeye alifuata uyoga. Msimu wa uyoga kwake ulikuwa sikukuu, na alijisifu kwamba hajazaliwa mtu wa kujaza kikapu kabla yake. Alipokelewa vizuri, akapewa chai. Akaionja, akaitema. Ilikuwa na chumvi.

"Mama Justus," akasema, "kesho tunakwenda wote porini."

"Mama, nina mtihani."

"Nami nina kikapu. Nikienda peke yangu nitamshinda nani?"

Mkwe hakataliwi. Asubuhi wakatoka na wanawake wengine wa mtaani, wakaifuata ile barabara ya zamani ya misafara, kisha wakaiacha na kuingia msituni. Koleta alikuwa ameficha karatasi zake ndani ya khanga, na mara wenzake walipoinama kutafuta, yeye akazitoa akawa anasoma huku akitembea. Akajikwaa kwenye kisiki. Alianguka kitako juu ya uyoga mmoja mkubwa kama ungo, ambao Bibi Minza alikuwa ameuona kwa mbali na alikuwa anaufuata kwa furaha.

Bibi akautazama uyoga wake uliopondeka. Akamtazama mkwewe aliyeukalia. Kisha akacheka mpaka akashika mti asianguke. Koleta alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamshinda naye, wakacheka wote hadi wanawake wengine wakaja kuuliza kuna nini. Usiku ule alilala kama mtoto. Kesho yake, majina ya dalili yaliyokuwa yakimpiga chenga siku zote yakaja yenyewe, bila kuitwa.

Hapo ndipo alipopotea njia upande wa pili. Kama siku moja porini imefanya hivi, akawaza, je, siku zote? Akawa haukosi msitu. Jioni alikuwa uwanjani kumtazama Sylvester na wenzake wa reli wakicheza mpira. Jumapili, baada ya misa, alikuwa kwenye ngoma mtaa wa Kanyenye. Aliwaambia watu anapumzisha akili. Vitabu navyo vikapumzika.

Siku moja wodini, Maua, mwenzake wa darasani, alimwomba ataje hatua za kumhudumia mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua. Koleta akataja ya kwanza. Ya pili ikakataa kuja. Maua hakumcheka, alimwuliza kwa upole tu, "Na huyo mama je, atakungoja ukumbuke?"

Neno lile lilimwingia. Alirudi nyumbani akawaeleza mumewe na mkwewe bila kuficha, nao wakapanga pamoja. Siku asizokwenda hospitali angesoma asubuhi, na Bibi Minza angekaa mlangoni kuzuia wageni. Sylvester akirudi mchana kutoka kazini na kupiga mluzi pale kwenye kona, kitabu kinafungwa, na hakuna kuongeza hata ukurasa. Bibi alishika zamu yake kuliko askari. Hata padre alipopita kuwasalimu aliambiwa arudi mchana. Na alasiri Koleta alitwanga, aliimba, alikwenda porini siku zilizofaa, akajifunza kuufahamu uyoga kabla ya kuukalia, kama mkwewe alivyopenda kuwasimulia majirani.

Siku ya mtihani, daktari mgeni alikaa mezani pamoja na Sista Apolinaria, mkuu wa wauguzi. Akauliza habari za mama anayetoka damu. Koleta alizitaja hatua zote kwa utulivu, moja baada ya nyingine, hata daktari akaweka kalamu chini na kumwuliza kama haogopi mtihani.

"Niliogopa mwezi uliopita, Daktari," akajibu. "Nimemaliza."

Sista Apolinaria aliinamisha uso kuficha tabasamu.

Maua alikuwa wa kwanza, Koleta wa tatu. Baada ya miezi michache alipelekwa kwenye zahanati ya Nzega, na Sylvester akaomba uhamisho wa kazi, asipewe, akawa anakuja kila alipopata nafasi. Wa kwanza kuzaliwa mikononi mwa Koleta pale Nzega alikuwa mtoto wa kike, mwenye sauti ya kupasua bati. Koleta alimfuta, akamfunika, akampa mama yake. Akahakikisha wote wawili ni wazima, akanawa mikono, kisha akatoka nje kuota jua.