Chuma cha Kukanyagia

Jumanne nilikuwa kwa fundi wa baiskeli hapa Kitale, nikingoja pancha yangu izibwe. Foleni ilikuwa ndefu. Jumamosi kuna mbio za amani hadi Bungoma, za kutupatanisha baada ya ghasia za uchaguzi, na kila mwenye baiskeli ya bodaboda anataka kushindana.

Kijana mmoja alileta yake ipunguzwe uzito. Kiti cha abiria kilikuwa kimeshatolewa. Fundi akachukua msumeno akate vile vyuma viwili ambavyo abiria hukanyagia.

"Hiki kimoja mbona kiko juu kuliko kingine?" fundi akauliza.

"Sijui bana. Nilinunua ikiwa hivyo."

Mzee aliyeketi nyuma yangu ndiye aliyejibu. "Mguu wa kushoto wa mama watoto ni mfupi. Nilikiinua ndio asining'inie, kabla tufukuzwe kwetu."

Msumeno ukasimama. Kijana akaangalia viatu vyake. "Mzee, mimi nilinunua tu sokoni."

"Si nimesikia. Wacha akate. Mwenye kukanyaga hapo tulimzika kambini."

Fundi akakata. Mzee akanyoosha mkono, akapokea kipande cha chuma, akakifuta kwa shati na kukitia mfukoni. Kisha akarudi kungoja zamu yake.

Waandalizi wetu wamefikiria kila kitu. Washindani wote watavaa fulana nyeupe, na atakayefika Bungoma kwanza atapewa baiskeli mpya, ambayo haijawahi kuwa ya mtu.